Barafu Isiyofika Kizingitini

Kila asubuhi Bibi Barafu aliianza kazi yake kwa kugombana na mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa wa chumba cha baridi. Bawaba yake ya juu ilikuwa imelegea siku nyingi. Ukitaka kuufunga sawasawa, uliunyanyua kwa bega, kisha ukausukuma kwa kiuno. Bibi Barafu alikuwa na bega la kazi hiyo na kiuno cha kazi hiyo. Maneno pia alikuwa nayo.

"Baba," alimwita mwanawe, "mlango huu utautengeneza lini?"

"Kesho, mama."

"Hiyo kesho yako nadhani imeshaota meno."

Mwanawe alicheka na kuendelea na kazi. Kiwanda chao kilikuwa uani, nyuma ya nyumba. Kilikuwa na tangi kubwa la maji ya chumvi, mtambo wa kugandisha, na safu za kalibu za bati. Maji safi yalimiminwa ndani ya kalibu, kalibu zikashushwa ndani ya tangi, na maji yakaganda yakawa miche mirefu ya barafu. Mwana alishughulika na mtambo. Mkewe aliuza dirishani. Wauza samaki walikuja, wauza vinywaji walikuja, na wenye sherehe zao walikuja wakiwa wamechelewa.

Bibi Barafu hakuwa tena na kazi maalumu. Kazi yake ilikuwa kujua. Marehemu mumewe ndiye aliyekianzisha kiwanda, na yeye alikuwa bega kwa bega naye tangu siku ya kwanza. Aligonga mche kwa kidole, akasikiliza, akasema umeiva au bado. Hakukosea.

Ila macho yalikuwa yamemwacha mkono.

"Macho yangu yamekuwa kama barafu yenye moyo," alipenda kusema.

Wenye kazi hiyo walimwelewa. Mche wa barafu huganda kuanzia pembeni kuja ndani. Hewa iliyo ndani ya maji husukumwa katikati, na hapo hubaki weupe kama ukungu. Weupe huo wao huuita moyo. Pembeni unaona ng'ambo. Katikati huoni kitu.

Daktari wa macho alimpima akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alisema ugonjwa huo unatibika. Angepasuliwa jicho moja kwanza, na la pili baadaye. Timu ya wapasuaji ilikuwa inakuja katika hospitali ya mjini kwa wiki moja tu, na siku yake ilikuwa imeshapangwa: Jumatatu.

Bibi Barafu aliingoja Jumatatu hiyo kama bibi harusi. Sababu yake aliijua kila mtu. Nyumbani mlikuwa na mjukuu, msichana wa miaka miwili, mnene, mwenye makelele, jina lake la utani Kibonge. Alizaliwa macho ya bibi yakiwa yameshafifia. Bibi alimjua kwa mashavu, kwa harufu ya kichwa na kwa uzito wa mapajani. Sura yake hakuwahi kuiona vizuri.

"Nikitoka hospitali," alimwambia mkwe wake, "nataka nimwone huyu jambazi anayenivuta hereni."

Wiki moja kabla ya Jumatatu hiyo, muuza samaki mmoja alikuja dirishani na simu yake.

"Bibi, umesikia hii?"

Akaiwasha sauti. Ilikuwa sauti nzito ya mwanamume, yenye mwangwi kama anazungumza kisimani. Ilisema huko mbali, kati ya sayari kubwa, kuna mlima wa barafu. Ilisema mlima huo umeacha njia yake na unakuja duniani. Haitapita miezi miwili, ilisema, utakuwa umetufikia. Mwishoni ikaongeza: tuma ujumbe huu kwa watu kumi.

Chini ya sauti kulikuwa na picha. Bibi Barafu aliichukua simu akaisogeza hadi puani. Aliona doa jeupe kwenye weusi. Kando ya doa palikuwa na utandu mweupe, umetawanyika kama pumzi asubuhi ya baridi.

"Linafuka," alisema polepole.

"Nini, bibi?"

"Hilo donge. Linafuka."

Muuza samaki alichukua barafu yake akaenda zake. Bibi Barafu alibaki ameshika ukingo wa dirisha. Siku hiyo hakugombana na mlango tena.

Wakati wa chakula cha mchana alisema, "Hospitali siendi."

Mwanawe aliweka kijiko chini. "Huendi wapi, mama?"

"Hospitali. Jumatatu. Siendi."

Mkwe wake akaeleza habari za simu. Mwana akaangua kicheko, na hapo ndipo alipoharibu.

"Mama, huo ni uzushi wa mitandaoni."

"Uzushi ni maneno. Moshi si maneno. Moshi nimeuona kwa macho yangu."

"Macho gani tena, mama?"

Neno likawa limeshatoka. Hata Kibonge akaacha kutafuna. Bibi Barafu alivuta kanga yake begani.

"Macho haya haya yaliyokufundisha kazi," alisema. "Nisikilize. Barafu ikiwa ndani ya chumba cha baridi inafuka?"

"Haifuki."

"Ukiitoa uani, juani?"

"Inafuka."

"Basi. Donge likiwa mbali na Jua, kwenye baridi yake, lingetulia kama mche ndani ya chumba. Likifuka, ujue limeshatolewa nje. Limeshakaribia joto. Baba yako angekuwepo angekwambia hivyo hivyo. Mimi sitaki siku zangu za mwisho nikae na kitambaa usoni. Kidogo ninachokiona kinanitosha."

Mwana akakichukua tena kijiko chake. Mambo ya barafu alifundishwa na huyo huyo mama, na kwa mambo ya barafu hoja yake ilikuwa imenyooka kama rula.

Tangu siku hiyo Bibi Barafu alimtaka Kibonge alale chumbani kwake. Mtoto akishasinzia, bibi alipitisha vidole usoni mwake taratibu. Paji. Nyusi. Pua. Alifanya hivyo kama mtu anayepakia mizigo mapema ili asisahau kitu. Hakulia. Ila vidole havikuchoka.

Siku ya Ijumaa mkwe wake alivuka barabara akaenda kumwona jirani.

Jirani huyo walizoea kumwita Mama Maabara. Alifanya kazi maabara ya hospitali, kupima damu na kufunga sampuli zinazopelekwa mji mwingine. Alikuwa mcheshi. Tena alipenda anga. Paani kwake alikuwa na darubini ndogo, na watu wa mtaa walikuwa wameshazoea kumwona ameinama hapo jioni kama mtu aliyedondosha pete.

"Tumemwambia ni uongo," mkwe alisema, "ndiyo kwanza amekaza."

"Kwa nini anaamini?" Mama Maabara aliuliza.

"Anasema linafuka."

Mama Maabara akatabasamu. "Mama mkwe wako ana akili. Mwambie kesho asubuhi nakuja kununua barafu. Ila kwanza nipige simu chuoni, kuna mtu anayefuatilia mambo haya. Sitaki kumdanganya mama yule hata kidogo."

Jumamosi asubuhi alifika na kisanduku cha plastiki kigumu na glavu nene mbili. Bibi Barafu alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na tangi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamekutuma uje unicheke?"

"Nimekuja kukwambia umesema kweli."

Mwana aliyekuwa kwenye mtambo aligeuka. Bibi Barafu naye akainua uso.

"Lile donge lipo," Mama Maabara alisema. "Linaitwa Kironi. Ni donge la mawe na barafu, upana wake ni safari ya saa mbili tatu kwa gari. Na ni kweli linafuka. Wataalamu wameliona mara kadhaa."

"Umesikia?" Bibi alimtupia mwanawe. "Macho gani tena?"

"Nimesikia, mama."

"Hapo ndipo ukweli unapoishia, mama," Mama Maabara aliendelea. "Tuingie chumba cha baridi nikuonyeshe kilichobaki."

Waliingia. Mama Maabara aliomba mlango uachwe wazi, na mwana akasema mlango huo kuuacha wazi ndiyo kazi unayoiweza. Kibonge alibaki nje na mama yake. Miche ilikuwa imepangwa ukutani, imetulia, haina hata uzi wa moshi. Mama Maabara akavaa glavu, akafungua kisanduku, akatoa kipande cheupe kidogo kama kipande cha sabuni, akakiweka kwenye sinia la bati.

Kile kipande kikaanza kufuka. Moshi mweupe ulimwagika kutoka kwenye sinia, ukateremka hadi sakafuni.

Bibi Barafu alisogea. Moshi aliuona. Mweupe alikuwa anauona sana siku hizo.

"Hii nini?"

"Barafu."

"Barafu haifuki humu ndani. Miaka yote hiyo haijawahi kufuka humu ndani."

"Barafu ya maji haifuki. Hii si ya maji. Hii tunaiita barafu kavu. Ni hewa, mama, ile tunayoitoa tukipumua, imegandishwa kwa baridi kali sana. Tunasafirishia sampuli. Usiiguse kwa mkono mtupu, inaunguza ngozi kama moto. Na usiifungie kwenye chumba kisichopitisha hewa."

"Barafu bila maji," Bibi alisema, kama anaonja neno.

"Chumba hiki kwako ni baridi. Kwa hii barafu, ni tanuri. Inageuka kuwa hewa hapo hapo. Haipitii kwenye maji."

Walitoka nje, wakaacha sinia ndani na mlango wazi. Walikunywa chai. Walipomaliza, Mama Maabara alilileta sinia akaliweka mapajani mwa Bibi Barafu.

"Kipande kimekwisha. Lipapase sasa, ni salama."

Bibi alipitisha kiganja kwenye bati, kona hadi kona, kisha tena. Alikuwa na vidole vinavyojua tone la maji liko wapi hata gizani. Aliinusa mikono yake.

"Kukavu," alisema.

"Kukavu."

"Imefuka, imekwisha, na haikuacha hata tone. Na ilikuwa ndani ya baridi."

"Ndivyo ilivyo kwa Kironi. Ndani yake mna barafu ya maji, na mna hewa zilizoganda kama hii, nyingine hufuka upesi kuliko hii. Joto la Jua linafika huko limechoka kabisa. Lakini kwa barafu za namna hiyo, hilo joto kidogo linatosha kuzifukiza. Moshi haukuambii kwamba limefika karibu. Unakuambia limeumbwa kwa barafu ya namna gani."

Bibi Barafu alikuwa bado anapapasa sinia.

"Huko mbali ni wapi?" aliuliza hatimaye. "Msiniambie mbali tu. Hata sokoni ni mbali siku hizi."

Mama Maabara akamshika mkono wakatoka hadi mlango wa mbele, unaotazama barabara. Jiko la mkaa lilikuwa ukumbini, nyuma yao, limewashwa kwa ajili ya maharage.

"Tuseme jiko hilo ndilo Jua. Dunia yetu ni hapa uliposimama, kizingitini."

"Joto nalisikia mgongoni."

"Ukiwa kizingitini utalisikia. Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote, iko kwa fundi viatu. Zohali iko mbele zaidi, kwenye bomba la maji. Uranusi iko kule kwa kinyozi. Neptuni iko njia panda."

"Kwa kinyozi joto la jiko hili halifiki."

"Haliwezi. Sasa, kati ya sayari hizo kubwa kuna vidonge vingi vya barafu vinavyozunguka. Kironi ni kimojawapo. Njia yake ni kutoka bombani hadi karibu na kinyozi, halafu inarudi bombani. Ikija sana, inalipita bomba kidogo tu kuja upande wetu. Kwa fundi viatu haifiki. Hapa kizingitini ndiyo kabisa."

"Nani kaipima hiyo njia?"

"Watu wa nchi nyingi. Wanalitazama kwa darubini kubwa, wanaandika liko wapi, wanalitazama tena. Mmoja akikosea, wengine wanamkosoa. Mzunguko mmoja linautumia miaka kama hamsini."

"Hamsini?" Bibi Barafu alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Mimi niliolewa miaka hamsini iliyopita. Basi tumezunguka pamoja. Yeye kati ya bomba na kinyozi, mimi kati ya tangi na dirisha."

Kisha akawa makini tena. "Halitaacha njia hiyo kabisa?"

"Kabisa siwezi kusema. Sayari kubwa zinalivuta huku na kule. Baada ya muda mrefu sana, pengine mamilioni ya miaka, linaweza kusukumwa likaingia ndani zaidi, au likatupwa nje. Lakini hilo si la mwezi ujao wala la mjukuu wa Kibonge."

"Mamilioni ya miaka," Bibi alisema. "Mwanangu naye atakuwa karibu kuutengeneza mlango."

Mwana, aliyekuwa amesimama nyuma yao, akajikuna kichwa.

"Na huyu mwenye sauti ya kisimani?" Bibi aliuliza. "Kwa nini anasema anayoyasema?"

"Sijui nia yake. Lakini nikuulize. Alisema anaitwa nani?"

"Hakusema."

"Alisema habari kaipata wapi?"

"Hakusema."

"Mtu akikuletea mche wa barafu, hasemi anaitwa nani, hasemi kiwanda chake kiko wapi, wala maji kayachota wapi, utauvunja umtilie Kibonge kwenye kikombe?"

"Nitamfukuza hapa dirishani."

"Habari nazo ni hivyo hivyo, mama. Uliza nani kasema, kajuaje, na nani mwingine anasema hivyo. Ukweli kidogo huwekwa mbele, uongo unapanda mgongoni."

Bibi Barafu alibaki kizingitini. Joto la jiko lilimgusa mgongoni, hewa ya barabarani ikamgusa usoni. Kibonge alikuja akakumbatia mguu wake.

"Na jicho lenyewe," alisema kwa sauti ya chini, "wanalifanyaje? Sikuuliza. Niliona haya."

Alikuwa ameogopa, na hilo nalo ndiyo kwanza lilikuwa linatoka.

"Ndani ya jicho kuna kilenzi," Mama Maabara alisema. "Kilikuwa angavu, sasa kimeingia weupe. Wewe mwenyewe ulishakisema: barafu yenye moyo. Wanakutia ganzi, usisikie maumivu. Wanakitoa kile chenye weupe, wanaweka kingine cha plastiki safi. Kazi yenyewe haichukui muda, na watu wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ukichelewa sana kinakuwa kigumu, na kukitoa kunakuwa na taabu."

Bibi alimwinua Kibonge akampakata ubavuni.

"Jumatatu hospitali wanafungua saa ngapi?" aliuliza.

Mkwe wake aligeukia ukuta kidogo, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

Upasuaji ulikwenda salama. Bibi Barafu alirudi na kitambaa jichoni, na masharti ambayo mkwe wake aliyasimamia kama askari: kutia matone kwa wakati, kutolisugua jicho, kutoinama na kutobeba kizito. Hilo la mwisho ndilo lililomtesa. Mara mbili walimkuta ameshika koleo la kunyanyulia miche, akidai analifuta vumbi.

Kitambaa kilitolewa hospitalini kesho yake. Mwanzoni mwanga ulimchoma, akafumba. Alipofumbua, kulikuwa na kitu cha duara mbele yake, chenye kamasi.

"Huyu ndiye?" aliuliza.

"Ndiye, mama," mkwe alisema.

Bibi Barafu alimtazama mtoto muda mrefu. Masikio yalikuwa ya marehemu mumewe, yale yale, yamesimama kama vishikio vya sufuria. Vidole vyake vilikuwa vimepita hapo kila usiku na havikumwambia. Alimvuta Kibonge akayabusu masikio hayo, moja moja, na Kibonge akajibu kwa kumvuta hereni.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kiwandani. Aliweka bega tayari, akausukuma mlango wa chumba cha baridi. Mlango ukajifunga kwa kidole kimoja, kimya, kama mlango wa benki.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, mama," mwanawe alisema. "Nilipokuwa nakungoja nilikosa la kufanya."

"Sasa nitagombana na nini?"

Alipata. Alikwenda kwenye mche wa karibu, akainama kidogo tu, akautazama kwa jicho lake jipya.

"Hii ndiyo barafu mnayouza? Ina moyo kama mto wa kulalia."

Mwana akatazama. Ilikuwa kweli. Weupe ulikuwa umeongezeka kidogo kidogo, na macho yao yakauzoea. Walipokagua, walikuta bomba dogo linalopuliza hewa ya kukoroga maji ndani ya kalibu limeziba. Likazibuliwa. Wiki ile ile miche ilitoka na moyo mdogo sana, na ukiweka mkono nyuma yake ulihesabu vidole.

Muuza samaki alirudi na simu na sauti nyingine, safari hii kuhusu maji ya bahari.

"Anaitwa nani?" Bibi Barafu alimuuliza.

"Nani, bibi?"

"Huyo anayezungumza. Na kiwanda chake kiko wapi?"

Muuza samaki akazima simu, akaagiza barafu.

Jioni moja, nyota zilipoanza kutokeza, Mama Maabara alipita, naye Bibi Barafu alikuwa ameketi kizingitini na Kibonge mapajani. Tarehe ya jicho la pili ilikuwa imeshatoka, na aliitaja kwa kila mpita njia.

"Huyo Kironi wenu," alisema, "leo yuko upande gani?"

Mama Maabara alinyoosha mkono juu ya paa la kinyozi. "Kule."

Bibi Barafu alifumba jicho la zamani, akakaza jipya. Aliona nyota alizokuwa amezisahau. Alitafuta sana.

"Mimi simwoni."

"Hata mimi simwoni, mama. Yuko mbali mno. Bila darubini kubwa hakuna anayemwona."

"Wewe pia humwoni?"

"Simwoni kabisa."

Bibi Barafu aliegemea mlango, akamfunika Kibonge kwa pindo la kanga.

"Basi sasa," alisema kwa raha, "macho yetu yamelingana."